Dhana potofu kuhusu visa vya Biblia: msimulizi naye ana upande wake

Dhana: Visa vya Biblia ni taarifa tu, kitu kilitokea mtu akakiandika, basi.

Ukweli: Hebu fungua Waamuzi 19, ile stori ya Mlawi (mtu wa kabila la Lawi) na suria wake ambayo wengi wanairuka kwa vile inatisha, halafu fuatilia miji. Bethlehemu baba mkwe anamkirimu Mlawi mpaka siku ya 5, kula na kunywa, kaa bado kidogo, msimulizi hana haraka kabisa. Jioni wanafika karibu na Yebusi, yaani Yerusalemu, Mlawi anagoma kulala kwa watu wa kabila lingine, anasonga mpaka Gibea kwa Waisraeli wenzake na hapo ndo yule mwanamke anabakwa usiku kucha na kufa. Sasa Bethlehemu ni kwa nani? Kwa Daudi. Yerusalemu itakuja kuwa ya nani? Daudi. Na Gibea ni kwao Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli, ambaye Daudi alikuja kushika kiti chake! Mwili unakatwa vipande 12 na kutumwa Israeli yote, na kwenye 1 Samweli 11 Sauli naye anakata ng'ombe vipande na kuvituma ili kuwaokoa watu wa Yabeshi-Gileadi, mji uleule ambao kwenye Waamuzi 21 ulisusia vita vya kulipiza kisasi cha yule mwanamke. Sauli hatajwi hata mara moja ila kashapakwa matope kabla hajazaliwa. Wasomi kadhaa wanaona hapa kuna kampeni ya kumtetea Daudi na mimi nakubaliana nao, ila kinachoniuma ni kwamba yule mwanamke hana jina wala hasemi neno hata moja, mateso yake yamebebeshwa hoja ya wanaume kuhusu kiti cha enzi.

Dhana: "Hapakuwa na mfalme katika Israeli" ni kuonyesha kipindi tu.

Ukweli: Imerudiwa mara 4 kati ya sura ya 17 na 21, na ndo inafungua mstari wa mwisho wa kitabu. Hiyo ni hoja.

Dhana: Basi Biblia yote inampamba Daudi.

Ukweli: Hapana, waandishi wenyewe hawakubaliani. 2 Samweli 11 inamwanika vibaya sana, analala na Bathsheba, mke wa mtu, halafu anamuuisha mumewe Uria, kila kitu. Nenda 1 Nyakati 20, inaanza vilevile, Daudi kabaki Yerusalemu, jemadari wake Yoabu kaupiga Raba, mji wa Waamoni, halafu moja kwa moja taji linawekwa kichwani kwa Daudi, Bathsheba hayupo! Kunyamaza nako ni mbinu.

Dhana: Mfalme mwenye mistari michache hakuwa na maana.

Ukweli: Omri, mfalme wa Israeli, katawala miaka 12, na utawala wake umepewa mistari 6 tu kwenye 1 Wafalme 16. Lakini jiwe la Mesha, maandishi ya mfalme wa Moabu, lililopatikana Dhiban, Yordani, mwaka 1868, linasema Omri aliitesa Moabu siku nyingi, na Waashuri waliendelea kuiita Israeli nyumba ya Omri hata baada ya ukoo wake kung'olewa. Kitabu cha Wafalme kinapima mfalme kwa ibada, sio kwa vita wala majengo, kwa hiyo uhodari wa Omri msomaji anaambiwa akautafute kwenye kitabu cha tarehe za wafalme wa Israeli, ambacho leo hakipo.