Kanula haisubiri saa 72: ushahidi na ubora wa uuguzi wodini

Karibu kila wodi ina utaratibu ambao hakuna anayekumbuka ulitoka wapi. Ninaokutana nao zaidi katika kazi yangu ya kufundisha wauguzi ni huu: kanula (kijirija kinachowekwa mshipani kupitishia dawa) ya mtu mzima ikifika saa 72 itolewe, iwe inapitisha dawa vizuri au haipitishi, na nyingine ichomwe mahali papya. Ukiuliza sababu, jibu ni kwamba ndivyo tulivyofundishwa.

Jambo hilo limeshapimwa. Mwaka 2012 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na muuguzi, Claire Rickard, katika hospitali tatu za Queensland, Australia. Wagonjwa 3,283 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilibadilishiwa kanula kwa ratiba, jingine pale tu ilipoonekana sababu. Mishipa ilipata uvimbe na maumivu kwa asilimia 7 ya wagonjwa katika kila kundi. Zile sindano za ziada hazikumkinga mtu.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Kubadilisha kanula kwa sababu kunamtaka muuguzi aitazame kila zamu: ngozi imekuwa nyekundu? Imevimba? Mgonjwa anaumia ukibonyeza? Plasta imelowa? Na kama dawa za mshipani zimesitishwa, kanula itoke leo hii hata kama iliwekwa jana. Ukiifuta ratiba bila kuweka ukaguzi mahali pake, umemwacha mgonjwa bila ulinzi wowote. Ushahidi wenyewe ulitoka kwa wagonjwa waliokuwa wakiangaliwa.

Kuangalia kunahitaji watu. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha uchambuzi wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezeka katika mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa juu kwa asilimia 7. Ule ni uhusiano wa kitakwimu, haukuthibitisha chanzo peke yake, lakini mwaka 2014 uchambuzi wa nchi tisa za Ulaya ulielekea kulekule. Ndiyo maana sikubali kuzungumzia ubora wa uuguzi na mtu asiyetaka kuzungumzia idadi ya wauguzi.

Mpango unaojulikana zaidi wa kutambua ubora huo, Magnet wa Marekani, ulizaliwa kutokana na swali zuri. Wauguzi walikuwa haba, hospitali nyingi zikiwapoteza. Akademia ya Uuguzi ya Marekani ikachunguza zile zilizofanikiwa kubaki nao, na mwaka 1983 ikataja 41 kati ya 163 zilizoangaliwa. Hospitali ya kwanza kupewa hadhi rasmi ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 1994. Hadhi hudumu miaka minne, kisha hospitali hutathminiwa upya. Hutakiwa kuonyesha matokeo: wagonjwa kuanguka, vidonda vya kulalia, maambukizi ya mipira ya mkojo, tena kwa kulinganishwa na hospitali nyingine. Hospitali iliyozoea funika kombe mwanaharamu apite haiwezi kuvuka hapo.

Mimi nikitaka kujua hali ya wodi, humwendea muuguzi wa zamu kabla ya kuangalia cheti ukutani. Nampa mfano wa mpira wa kulishia uliopitishwa puani. Bado wapo wanaosukuma hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza tumboni kwa stetoskopu. Njia hiyo haiaminiki, kwa sababu mlio unaweza kusikika hata mpira ukiwa umeingia kwenye njia ya hewa. Kinachotakiwa ni kuvuta majimaji na kupima pH, yaani kiwango cha asidi; ikiwa 5.5 au chini, mpira unaweza kutumika. Ikiwa juu, au majimaji hayapatikani, mgonjwa asilishwe hadi mahali pa mpira pathibitishwe, kwa kawaida kwa eksirei. Kisha nauliza: daktari akikuambia umlishe tu, unafanyaje? Muuguzi anayejibu bila woga kwamba atasubiri, na kwamba mkuu wake atamuunga mkono, anafanya kazi mahali penye ubora, cheti kiwepo kisiwepo.

Kwa anayetaka kuanza, chukua swali moja dogo: wagonjwa gani, unabadilisha nini, unalinganisha na nini, unapima nini. Hesabu hali ilivyo kabla hujagusa chochote, kwa sababu ukianza kuhesabu baada ya mabadiliko hutakuwa na cha kulinganisha. Na majibu yarudishwe wodini. Takwimu nyingi huishia ofisini, na wauguzi waliojaza zile fomu usiku hawaambiwi kamwe zilionyesha nini.