Gari iko 80, mchapuko wake sifuri

Jumamosi nilipanda Coaster kutoka Moshi kwenda Arusha, nikapata siti ya mbele, jirani na dereva. Tulipoiacha Boma Ng'ombe, barabara ikanyooka, kijana nyuma yangu akamwambia mwenzake: "Hii ndinga ina akselerasheni kinoma, cheki, iko 80 tu muda wote."

Iko 80 tu muda wote! Yaani anatoa ushahidi unaomfunga mwenyewe, halafu anaegemea siti kama mshindi wa kesi.

Mimi nafundisha fizikia kidato cha tano na sita, na sentensi hiyo nimeikata kwa wino mwekundu mpaka kalamu zinanigomea. Gari iliyoshika 80 kwenye barabara iliyonyooka ina mchapuko, yaani hiyo akselerasheni, sifuri. Kasi ni jambo moja, kubadilika kwake ni jambo lingine. Tochi ya trafiki inasoma kasi. Sijaona mtu aliyeandikiwa faini ya mchapuko.

Lawama nyingine naipeleka kwa neno lenyewe. Warumi walikuwa na celer, yaani mwepesi, mwenye haraka; wakaliwekea ad mbele, ikazaliwa accelerare, kuharakisha. Sisi nasi tukaenda kwa mtu anayechapua miguu wingu likimtisha, tukachukua mchapuko. Kote kuwili ni haraka tupu. Wanafunzi wakisikia haraka, wanawaza spidi, na kusema kweli siwezi kuwalaumu sana. Madereva wana neno linalonivutia zaidi: gari "imechanganya". Ukisema gari imechanganya, hujataja iko ngapi, umetaja inavyopanda. Tatizo ni kwamba hakuna anayesema gari imechanganya inapofunga breki, na breki nayo ni mchapuko.

Maana ya darasani haina mbwembwe: mabadiliko ya velositi, gawanya kwa muda. Velositi ina ukubwa na mwelekeo. Tuendelee.

Dereva wetu alikuwa amesimamisha chupa ya maji kwenye dashibodi, imebaki nusu, imebanwa na kitambaa isianguke. Safari nzima macho yangu yalikuwa pale. Kwenye 80 iliyotulia, uso wa maji ulikuwa sawasawa, ukiacha mtikisiko wa injini. Tulipokaribia Usa River, kibao cha 50, dereva akagusa breki: maji yakapanda upande wa kioo. Tulipoondoka kituoni yakapanda upande wetu abiria. Kwenye kona ya kushoto, mguu wa dereva haujasogea, mshale wa spidi haujasogea, maji yakapanda kulia. Piga hesabu: 50 ni kama mita 14 kwa sekunde, kona yenye nusukipenyo cha mita 100 inakupa mchapuko wa karibu 1.9, yaani mita kwa sekunde, kila sekunde. Coaster iliyojaa ikitoka sifuri hadi 80 kwa sekunde 20 haifiki hata 1.2. Kwa hiyo usukani nao unachapua gari, na siku nyingine unaizidi pedeli ya mafuta.

Sasa lile linaloniudhi kuliko yote: "mchapuko hasi maana yake gari inapunguza mwendo." Hapana, jamani, hapana. Alama ya hasi inakwambia mwelekeo tu, kulingana na upande ulioamua wewe kuuita chanya. Nenda stendi, tazama basi likirudi rivasi, konda anapiga bodi, "rudi, rudi, rudi!" Ukiwa umeita mbele chanya, basi hilo likizidisha kasi ya kurudi lina mchapuko hasi, na linaongeza mwendo, na usiposogea litakukanyaga na hasi yake hiyo hiyo. Iulize chupa: maji yatapanda upande wa kioo, vilevile kama pale Usa River kwenye breki. Maji hayajui kama gari inapunguza au inaongeza. Kwenye barabara iliyonyooka, gari inapunguza mwendo pale tu mchapuko unapokwenda kinyume na velositi. Nimewahi kubishana na mwalimu mwenzangu juu ya hili hadi chai ikapoa, na sikujuta.

Kukosea si aibu, lakini. Galileo mwenyewe, mwaka 1604, alimwandikia Paolo Sarpi, mtawa msomi wa Venisi, kwamba kitu kinachoanguka huongeza kasi kulingana na umbali kilioanguka. Sivyo; ni kulingana na muda. Kitabu chake cha 1638 kina jibu lililonyooka: muda sawa, nyongeza sawa ya kasi.

Chupa yangu nayo ina kasoro, ambayo darasani huwa naipita haraka. Kwenye mteremko wa Kikavu, gari ikishuka kwa mwendo ule ule, maji hupanda upande wa kioo kana kwamba tumefunga breki. Kwa kutazama chupa peke yake huwezi kutofautisha mteremko na breki.

Mwanafunzi mmoja alinibana hapo hapo kwa njia nyingine. Alifungua programu ya kupima mchapuko kwenye simu, akailaza mezani. Simu imetulia tuli, inasoma karibu 9.8, namba ile ile ya mchapuko wa kitu kinachoanguka. "Mwalimu, si ulisema kitu kilichotulia mchapuko wake sifuri?" Nikajibu kwamba kihisi kinasoma msukumo wa meza, wala si mchapuko wenyewe. Jibu sahihi, lakini nilisikia sauti yangu ikitafuta mlango. Akasema tuiangushe. Tukatandika godoro, tukaiachia kutoka juu ya kabati: ikiwa hewani, pale sisi tunapoandika 9.8, grafu ikashuka karibu na sifuri. Einstein alianza kulifikiria jambo hilo hilo mwaka 1907, mtu anayeanguka asiyehisi uzito wake, na limempeleka mbali kuliko silabasi yetu.

"Sasa nani mkweli, mwalimu, simu au daftari?"

Nilimwambia kwenye mtihani aandike 9.8 kwenda chini. Kuhusu simu, nilimwomba wiki moja. Imepita ya tatu sasa.