Mita ngapi ni halali kumfyatulia mnyama?

Vijana wa barazani kwetu Makunduchi, wakishajua kwamba niliwahi kuwaongoza wasasi katika mapori ya bara, huniuliza kwanza risasi hufika wapi. Risasi hufika mbali, hata kilomita kadhaa ikiachwa iende; ninachojiuliza mimi ni umbali ambao, nikiwa nimechoka na moyo unanidunda, bado nitaiweka katika mapafu au moyo wa mnyama kila nifyatuapo.

Kwa swala pala, sehemu hiyo nyuma ya bega haizidi sana upana wa kisahani cha kikombe, yaani takriban sentimita 15. Ayala mwekundu wa Uskoti, mnyama mwenye pembe za matawi, ana kifua kikubwa zaidi, ila upepo wa milima ile isiyo na miti humla msasi faida hiyo. Kwa hiyo ninabandika karatasi yenye ukubwa wa kisahani, ninatembea upesi mpaka pumzi zinapanda, kisha ninafyatua risasi 5 kwa mkao nitakaoutumia porini. Umbali ambao zote 5 zinaingia ndio mpaka wangu; zikiingia 4, ninasogea mbele. Meza ya shabaha huwadanganya wengi, kwa kuwa bunduki inayokusanya risasi ndani ya sentimita 3 kwa mita 100 ikiwa juu ya mfuko wa mchanga, huzitawanya mara kadhaa zaidi mikononi mwa mtu aliyesimama.

Hata mwenye mkono uliotulia hauwezi muda. Risasi itokayo mtutuni kwa mita 800 hivi kwa sekunde hufika mita 100 katika sehemu 1 ya 10 ya sekunde na ushei, lakini mita 300 huitaka takriban sehemu 4 kati ya hizo 10, na swala akipiga hatua moja katika muda huo, risasi iliyolengwa mapafuni humpata tumboni. Yalinifika hayo mara moja, kwa umbali uliopita mita 200, nikafuata matone ya damu yaliyochanganyika na majani aliyokula mpaka giza likaingia, nisimwone tena. Katika kibali alihesabiwa ameuawa. Mimi niliyekwisha kutamka bismillahi sikupata hata nafasi ya kumwahi kwa kisu. Tangu hapo sivuki mita 150, na upepo wa ubavuni ukivuma au jua likikaribia kuzama ninashuka hadi 100.

Hapa Unguja hesabu ni nyingine. Katika vichaka vya maweni macho hayafiki mbali, na msasi wa nguruwe mwitu hutumia marisau, yaani punje nyingi za risasi zitokazo kwa mfyatuo mmoja, ambayo hutawanyika kadiri yanavyokwenda. Kupita mita 30, kwa maoni yangu, ni kujeruhi tu. Tena kinachotikisa majani huenda ni paa nunga, mnyama adimu asiyefaa kupigwa kwa umbali wowote, au ni mtu anayechanja kuni, kwa hiyo kabla ya kukisia mita ninasubiri kichwa na bega vitokeze.