Simu na usukani: kujizuia huanza kabla gari halijawashwa

Malalamiko ya abiria yanayoifikia ofisi yetu ya elimu ya usalama barabarani yamebadilika sura. Zamani watu walilalamikia zaidi mwendo wa kasi na kujaza abiria kupita kiasi. Siku hizi, pamoja na hayo, wengi wanaeleza kwamba dereva alikuwa akisoma jumbe za WhatsApp tangu Mtwapa hadi Daraja la Nyali mjini Mombasa, au alikuwa akirekodi ujumbe wa sauti huku usukani ameuzuia kwa kiwiko, na kwamba walipomwonya aliwajibu kuwa ameendesha gari miaka mingi na anajua anachokifanya. Ni jibu hilo la mwisho lililotufanya tuandike makala haya, kwa sababu linaonyesha kwamba tatizo halieleweki vizuri hata na watu wenye nia njema.

Nasema wenye nia njema kwa kusudi. Madereva wengi tunaokutana nao si watu wasiojali roho za wenzao. Wanajua kwamba kutumia simu wakati gari linakwenda ni kosa, wanajua ni hatari, na wengi wao huwakanya watoto wao wasifanye hivyo. Hata hivyo simu inapolia mkono huenda wenyewe. Mtu anayetaka kujenga tabia ya kujizuia hana budi kuanza kwa kukubali ukweli huo, badala ya kujisifu kwamba yeye ana moyo mgumu kuliko wengine.

Tutazame kwanza umbali, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Watafiti wa chuo cha Virginia Tech nchini Marekani, waliowafuatilia madereva kwa kamera zilizofungwa ndani ya magari yao, walitoa mwaka 2009 matokeo yaliyoonyesha kwamba dereva anayeandika ujumbe huyaondoa macho yake barabarani kwa wastani wa sekunde 4.6 katika kila kipindi cha sekunde 6. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa magari ya abiria hapa Kenya, husafiri takriban mita 102 katika sekunde hizo. Hata ndani ya mji, kwa kilomita 50 kwa saa, gari huwa limekwisha kupita mita 63 au zaidi bila dereva kuona kilichoko mbele, na katika mita hizo pana kivuko cha wanafunzi, pana mkokoteni, pana mama aliyebeba mzigo. Waenda kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi miongoni mwa wanaofariki katika barabara zetu, na mwaka 2024 jumla ya waliofariki nchini ilipita watu 4,700. Ofisi hii haidai kwamba simu ndiyo iliyowaua wote. Tunachosema ni kwamba simu ni chanzo ambacho dereva hakikiri kwa urahisi baada ya ajali, na ambacho askari aliyefika baadaye hawezi kukiona kama anavyoiona alama ya breki kwenye lami. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dereva anayetumia simu anakabiliwa na uwezekano wa kupata ajali mara nne hivi kuliko asiyeitumia.

Kwa nini basi mtu anayeyajua haya yote ashindwe kujizuia? Sababu iko katika namna simu inavyotulipa. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha katika karne iliyopita kwamba mnyama anayepewa chakula kila mara anapobonyeza kitufe huacha kubonyeza upesi chakula kinapokatika, lakini yule anayepewa chakula mara moja moja, bila kujua ni lini, hung'ang'ania kubonyeza kwa muda mrefu sana. Simu yako inafanya kazi hiyo hiyo. Mlio mmoja ni kichekesho cha kikundi cha harusi, wa pili ni tangazo la mkopo, wa tatu ni M-Pesa ya mteja uliyemngojea tangu asubuhi, wa nne ni habari kwamba mtoto amelazwa. Kwa kuwa milio yote inafanana, akili haina njia ya kujua upi ni upi mpaka macho yaangalie, na ndiyo maana inasukuma mkono kila mara. Tena kwa dereva wa teksi za mtandaoni au mwendeshaji wa bodaboda msukumo huu una nguvu zaidi, kwa kuwa mlio huo huenda ukawa ndio riziki ya siku hiyo.

Wapo wanaotuambia kwamba wao husikia mlio na kuupuuza tu. Ni jambo jema, ila lina gharama yake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida State walionyesha kwamba mlio wa simu peke yake, hata kama mtu hakuigusa, unatosha kumpunguzia umakini katika kazi inayohitaji uangalifu, kwa sababu sehemu ya mawazo huwa imeshakwenda kujiuliza ni nani. Maana yake ni kwamba dereva anayeshindana na simu yake kila inapolia, hata akishinda kila mara, anaendesha gari kwa akili pungufu. Kwa hiyo hatuwashauri madereva wajizoeze kuvumilia mlio. Tunawashauri wauondoe.

Naomba jambo hili lieleweke, kwa sababu katika semina zetu ndipo tunapopingwa zaidi. Watu wamezoea kuiona nidhamu ya nafsi kama nguvu ya kifua, kwamba mtu mwadilifu ni yule anayesimama mbele ya kishawishi na kukishinda. Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2012, ambao uliwauliza watu wazima mara kadhaa kwa siku wanatamani nini na wanafanya nini, ulikuta kwamba watu wenye kujidhibiti vizuri ndio walioripoti vishawishi vichache na mivutano michache moyoni. Walikuwa wamepanga maisha yao hivi kwamba kishawishi hakiwafikii. Dereva anayeweka simu yake kwenye begi nyuma ya kiti huyo ndiye mwenye nidhamu, na yule anayeilaza mapajani akiapa kwamba hataigusa amejitwika mzigo usio wa lazima.

Kwa hiyo kazi ifanywe kabla ufunguo haujazungushwa. Simu nyingi za kisasa zina hali ya kutosumbuliwa inayoweza kujiwasha yenyewe gari linapoanza kwenda, na nyingine huweza kumjibu mpigaji kwa ujumbe kwamba mwenye simu anaendesha. Washa hali hiyo, kisha ruhusu nambari moja au mbili tu, kwa mfano ya nyumbani, ziweze kupita wakati wa dharura, na hata hizo usizipokee kabla hujaegesha mahali salama. Vikundi vya WhatsApp vinyamazishwe moja kwa moja, si kwa saa nane tu. Ramani iwekwe kabla ya kuondoka. Kwa safari ndefu, kama zile za malori yanayotoka bandarini Mombasa kwenda Malaba, panga mapema ni wapi utasimama uangalie simu, iwe ni Mariakani, Mtito Andei au kwingineko, kwa kuwa akili inayojua kwamba saa ya simu inakuja hutulia kuliko ile iliyoambiwa hapana bila kikomo. Na azimio lako liwe na tukio na kitendo. Kusema "nitapunguza simu" hakumsaidii mtu. Kusema "nikishafunga mkanda, simu inaingia kwenye begi" kunasaidia, kwa kuwa mkanda unaufunga kila siku na utakukumbusha.

Sasa nije kwenye sheria, ambayo imezungukwa na uvumi mwingi. Makosa madogo ya barabarani yameorodheshwa katika Kanuni za Trafiki kuhusu Makosa Madogo za mwaka 2016, zilizotungwa chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Dereva anayetumia simu ya mkononi wakati gari linakwenda hutozwa faini ya shilingi 2,000. Ili msomaji apate kulinganisha, kutofunga mkanda wa usalama ni shilingi 500, kuzidisha kasi kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa ni shilingi 500, kwa kilomita 11 hadi 15 ni shilingi 3,000, na kwa kilomita 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Kifungu cha 117 cha Sheria ya Trafiki kinamruhusu afisa wa polisi kumpa mshukiwa wa kosa la aina hii taarifa ya maandishi inayotaja kosa na kiwango cha faini, naye mshukiwa ana hiari ya kulipa na kumaliza jambo, au kukana kosa na kwenda kusikilizwa mahakamani. Hiari hiyo ni haki yako na hakuna anayepaswa kukutishia kwa sababu umeichagua. Faini hailipwi mkononi mwa afisa kando ya barabara. Malipo ya serikali hupitia eCitizen, Paybill 222222, na hutolewa stakabadhi. Mtu anayetoa noti dirishani ili aachiwe haraka hajalipa faini yoyote. Amefanya kosa jingine, zito kuliko la kwanza, na amemfunza afisa huyo kumsimamisha na mwenzake.

Wengine husema kwamba shilingi 2,000 ni hela kidogo na kwa hiyo kosa lenyewe ni dogo. Hapana. Faini hiyo ni ya kushika simu pasipo madhara. Yakitokea madhara, dereva haulizwi tena kuhusu simu, anaulizwa kuhusu kuendesha kwa njia ya hatari, na iwapo mtu amefariki, kifungu cha 46 kinaruhusu kifungo cha hadi miaka kumi, pamoja na mahakama kumfutia leseni. Kwa dereva ambaye leseni ndiyo shamba lake, adhabu hii ya pili inaweza kumlemea kuliko ya kwanza.

Kuna hoja nyingine inayoletwa sana, ya msongamano. Mtu aliyekamatwa Buxton au Changamwe hueleza kwamba gari lilikuwa limesimama. Tafsiri ya mwisho ya kanuni ni ya mahakama na si ya ofisi hii. Lakini foleni husogea, na anayesogea nayo akiwa ameinamia simu huligonga gari la mbele au hukosa kumwona mchuuzi wa maji anayepita katikati ya magari. Kama kweli umesimama, egesha.

Ama vipokea sauti vya masikioni na spika ya gari, hivi vinaiachia mikono nafasi ila haviiachii akili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walithibitisha miaka mingi iliyopita kwamba dereva aliye katika mazungumzo ya simu, hata bila kuishika, huweza kukielekezea kitu macho na asikione, na uchunguzi wao wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba baada ya kutoa amri ya sauti kwa mtambo akili inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani kikamilifu. Mshika mbili moja humponyoka, na katika gari kinachoponyoka ni barabara. Abiria aliyekaa kando yako huona lori linalokuja na hunyamaza. Aliyeko upande wa pili wa simu haoni chochote na anaendelea kudai jibu.

Hapa sina budi kuwageukia hao wa upande wa pili, kwa sababu tumewalaumu madereva peke yao kwa muda mrefu. Mwenye matatu anayempigia dereva kila nusu saa kuuliza amefikisha kiasi gani, mwenye lori anayeona kwenye mtambo wa kufuatilia kwamba gari limesimama na kupiga papo hapo kuuliza sababu, mke au mume anayehesabu kutopokewa kwa simu kuwa ni dharau, hawa wote wanashiriki katika hatari hiyo. Dereva aliyeajiriwa hawezi kujizuia kwa nguvu zake peke yake ikiwa kutopokea simu kutamfanya apokonywe gari jioni. Kwa kuwa kanuni za mwaka 2014 zinataka matatu ziendeshwe chini ya Sacco, yaani chama cha ushirika, au kampuni, kila Sacco ina uwezo wa kuamua kwamba hakuna mwenye gari atakayempigia dereva aliye safarini, kwamba mawasiliano yatapitia kwa kondakta au msimamizi wa steji, na kuliandika jambo hilo katika masharti ya kazi. Nyumbani pia panahitaji mapatano ya namna hiyo. Ukimpigia mtu na ukasikia honi nyuma ya sauti yake, kata simu wewe.

Kwa teksi za mtandaoni na bodaboda zinazotumia programu, tunaelewa kwamba simu ndiyo ofisi. Simu ifungwe kwenye kishikio usawa wa macho, mteja apokelewe pikipiki au gari likiwa limesimama, na baada ya kupokelewa kioo kiachwe kionyeshe njia tu. Tabia ya kupenyeza simu ndani ya kofia ngumu na kuzungumza njia nzima haina utetezi wowote, kwa kuwa inaziba sikio la kusikia honi na inailegeza kofia ambayo ilipaswa kubana kichwa.

Abiria nao wana nafasi yao. Ukimwona dereva akitumia simu, mwambie kwa sauti ya kawaida na kwa heshima, na mwombe kondakta amsaidie kuipokea. Ikiwa hataacha, chukua nambari ya gari, jina la Sacco lililoandikwa ubavuni, njia, siku na saa, kisha upeleke malalamiko kwa Sacco hiyo na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, au kwenye kituo chochote cha polisi. Malalamiko yasiyo na nambari ya gari hatuwezi kuyafuatilia, na hayo ndiyo mengi tunayopokea.