"Peptaidi ya utafiti" maana yake nini hasa?

Juzi kwenye jimu moja ya mtaani pale Mwanga, Kigoma mjini, dogo mmoja tunayepiga naye chuma kanionyesha kichupa kidogo kama kile cha chanjo ya kuku, ndani unga mweupe umeshikana chini, akasema kaka hii siyo steroidi, hii peptaidi ya UTAFITI, na hilo neno kalivuta kwa maringo utadhani katoa cheti. Nikageuza lebo: kwa utafiti wa maabara tu, isitumike kwa binadamu.

Ndo hapo Kiswahili kinatuponza, manake "ya utafiti" tunaisikia kama "iliyofanyiwa utafiti", wakati ni vitu viwili. Peptaidi yenyewe haina ubaya, ni mnyororo mfupi wa asidi amino, zilezile zinazojenga protini, hata insulini ni peptaidi na wenye kisukari wanadungwa tangu 1922, ila insulini ina kipimo kinachojulikana na kiwanda kinachokaguliwa. Hii ya kichupa inauzwa kwa ajili ya seli na panya, na muuzaji kwa ile lebo kashajitoa mapema, ukijidunga shauri yako.

Mfano BPC-157, peptaidi mojawapo, ile wanayoisifia kwa misuli na kano zilizochanika, karibu ushahidi wote umetoka kwa wanyama, kwa watu ni kidogo mno. WADA, wale wanaopambana na dawa haramu michezoni duniani, waliipiga marufuku kuanzia 2022, na 2023 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikaiweka kwenye kundi la vitu vyenye wasiwasi wa usalama ambavyo mafamasia hawakutakiwa kuwachanganyia wateja. Zile nyingine kama CJC-1295 na ipamorelini zinasukuma mwili utoe homoni ya ukuaji kwa wingi, na hiyo homoni ikizidi inaweza kupandisha sukari, kujaza maji mwilini, na vidole kufa ganzi. Kwetu Tanzania dawa inatakiwa isajiliwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kabla haijauzwa, kwahiyo kichupa kilichotumwa kwa basi hakijapita mkono wa mkaguzi yeyote.

Afu kuna hesabu. Dogo anaweka mililita 2 za maji kwenye miligramu 5 za unga, anavuta hadi mstari wa 10 kwenye bomba la insulini, yaani mililita 0.1, anasema hiyo ni maikrogramu 250. Hesabu iko sawa kabisa, nilimkubali, ila imeanzia kwenye ile 5 ya lebo, ambayo nani kaipima? Inaweza kuwa 2, inaweza kuwa kitu kingine, inaweza kuwa na uchafu wa bakteria ambao jicho halioni na unaenda moja kwa moja chini ya ngozi.

Nikamuuliza unaihifadhi wapi, akasema kwenye friji ya bi mkubwa, chini ya migebuka. Na umeme ukikatika? Akacheka, akarudi kwenye benchi.