Maiki Yako Huenda Haina Kosa: Dhana Potofu Kuhusu Sauti Kwenye Mikutano ya Video

“Hatukusikii. Hebu jaribu tena.” Ukiambiwa hivyo mbele ya watu kumi, na pengine ni usaili wa kazi uliousubiri kwa miezi, akili huruka. Unabonyeza kila kitu, unatoka na kuingia tena, mwishowe unaandika kwamba maiki imeharibika. Nimewasaidia watu wengi katika hali hii. Kinachoniuma zaidi ni kumwona mtu akitoa pesa zake kununua maiki mpya, akaichomeka, na kimya kikabaki kilekile. Ile ya kwanza ilikuwa nzima. Kilichompoteza ni imani chache tunazoambizana bila kuzichunguza.

“Hawanisikii, basi maiki imekufa”

Maiki iliyokufa haisikiki popote. Kwa hiyo toka kwanza kwenye mkutano, fungua programu ya kurekodi sauti iliyomo kwenye simu au kompyuta, sema sentensi mbili, kisha jisikilize. Ukijisikia vizuri, maiki iache kama ilivyo. Kosa liko mbele ya safari, maana sauti yako hupitia mikono mingi: mfumo endeshi (kama Windows au Android) huipokea kutoka kwenye maiki, huikabidhi kwa kivinjari au programu ya mkutano, ndipo inapoingia kwenye intaneti. Mmoja akiizuia, wenzako hawapati kitu.

Mzuiaji wa kwanza kuchunguzwa ni ruhusa. Android, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, humtaka mwenye simu aidhinishe programu kutumia maiki pale inapoihitaji. Kompyuta za Mac zilianza utaratibu kama huo mwaka 2018, kwa toleo la Mojave. Swali hutokea ghafla, mtu ana haraka, anagusa “Kataa”, na kuanzia siku hiyo programu inanyimwa maiki kimyakimya. Windows nayo ina swichi za maiki kwenye mipangilio ya faragha, tena zaidi ya moja. Simu zenye Android 12 na kuendelea zinaweza kuwa na kitufe kinachofunga maiki kwa programu zote mara moja, kwenye zile alama zinazoshuka ukivuta skrini kutoka juu. Ni rahisi kukigusa bila kukusudia. Ukitumia kivinjari, kuna makufuli mawili: mfumo endeshi uiruhusu Chrome au Firefox, halafu kivinjari kiiruhusu tovuti ya mkutano. La pili hufunguliwa kwenye alama iliyo kando ya anwani ya tovuti, upande wa kushoto. Wengi hufungua moja tu, wakakata tamaa.

Ruhusa zikiwa sawa, angalia programu imechagua maiki ipi. Kompyuta moja inaweza kuwa na maiki tatu bila mwenyewe kujua: iliyojengewa ndani, ya kamera ya nje, na ya hedifoni. Jamaa mmoja niliyekuwa nikimwelekeza kwa simu alipaza sauti mbele ya kompyuta yake, na ule mstari unaocheza kwenye mipangilio ya sauti mtu anapoongea haukutikisika hata kidogo. Nikamwambia agonge kwa ukucha karibu na kamera, mahali ilipo maiki ya kompyuta. Kimya. Nikamuuliza hedifoni zake ziko wapi. Zilikuwa kitandani, chumba cha pili, hazijazimwa. Alizichukua, akazigonga kwa ukucha uleule, mstari ukaruka hadi juu. Muda wote ule programu ilikuwa ikisikiliza chumba kisicho na mtu. Alibadilisha chaguo la maiki na akasikika papo hapo. Tangu hapo, gonga ya ukucha ndiyo kipimo changu cha kwanza: haihitaji utaalamu na haidanganyi.

“Nasikia mwangwi wa sauti yangu, maiki yangu ina tatizo”

Hii ndiyo dhana ningependa kuiondoa kabla ya nyingine zote, kwa sababu humfanya mtu asiye na kosa ajinyamazishe mkutano mzima. Fuata njia ya sauti. Unaongea, maneno yako yanatoka kwenye spika ya mwenzako, yanaingia kwenye maiki yake, yanarudi kwako. Kwa kawaida, basi, anayesikia mwangwi wa sauti yake ndiye asiyeusababisha. Anayeusababisha hasikii tatizo lolote, ndiyo maana hajitokezi.

Kumpata ni rahisi. Washiriki wazime maiki mmojammoja huku wewe ukiendelea kuongea. Mwangwi ukikoma mtu fulani anapozima, umempata. Apunguze sauti ya spika au avae hedifoni. Kama ni mluzi mkali badala ya mwangwi, tafuta watu wawili walioketi chumba kimoja, kila mmoja na kifaa chake kwenye mkutano uleule.

“Hedifoni za bei kubwa zisizo na waya ndizo zenye sauti bora”

Kwa kusikiliza muziki, pengine. Kwa kuongea, mara nyingi hapana, na sababu yake inafaa kueleweka. Bluetooth ya kawaida hupeleka muziki kwa njia iliyo pana lakini ya upande mmoja, kutoka kwenye kifaa kuja masikioni. Ukiiwasha maiki ya hedifoni hizo, mawasiliano huhamia njia ya simu, inayobeba pande mbili lakini ni nyembamba: sauti hupimwa mara 8,000 au 16,000 kwa sekunde, wakati muziki wa CD ni mara 44,100. Ndiyo sababu ukijiunga na mkutano tu, hedifoni iliyokuwa ikiimba vizuri huanza kusikika kama inatoka ndani ya mtungi. Haijaharibika. Mifumo mipya ya Bluetooth imeanza kulitatua hili, ila lazima hedifoni na kompyuta zote ziwe nayo.

Vaa hedifoni hizohizo, lakini kwenye mipangilio ya programu chagua maiki ya kompyuta. Sauti masikioni hurudi kuwa nzuri, na wenzako mara nyingi hukusikia vizuri zaidi. Hedifoni za waya za kawaida kabisa, zenye maiki inayoning'inia karibu na kidevu, hunipendeza kuliko nyingi za bei ya juu.

Kwa za waya, tazama pini yake. Ikiwa na vipete vitatu vyeusi, ina njia ya maiki. Ikiwa na viwili, ni ya kusikiliza tu, na hakuna mpangilio utakaoifanya iongee. Na pini ya vipete vitatu ikichomekwa kwenye kompyuta yenye matundu mawili tofauti, moja la spika na moja la maiki, utasikia bila kusikika. Hapo kinachohitajika ni kigawanyi kidogo cha waya.

“Sauti yangu inakatakata kama roboti, nibadilishe maiki”

Maiki mbovu huleta mvumo, mkwaruzo, au sauti ya mbali iliyofifia. Silabi zinazomezwa, maneno yanayokwama kisha yakakimbia, na ile sauti ya roboti ni dalili za mtandao. Hapo huingia dhana nyingine: “Lakini intaneti yangu ina kasi.” Sauti haihitaji kasi kubwa. Opus, mfumo wa kufinyaza sauti uliopitishwa kuwa kiwango mwaka 2012 na unaotumiwa sana kwenye mikutano hii, unaweza kufanya kazi kwa kilobiti 6 tu kwa sekunde, na makumi machache ya kilobiti humtosha mtu anayeongea. Sauti husafiri ikiwa imegawanywa vipande vidogo vya data, na huharibika vipande hivyo vinapopotea njiani au kufika kwa kuchelewa na bila mpangilio. Tena ile kasi watu wanayojivunia ni ya kupakua, na sauti yako inasafiri kwa kupakia. Zima video, sogea karibu na ruta au chomeka waya, simamisha chochote kinachopakia picha na mafaili nyuma ya pazia.

“Ongeza kiwango cha maiki hadi mwisho”

Usifanye hivyo. Ukipandisha kupita kiasi unapandisha pia feni, mvumo na gari lililo nje, na maneno ya nguvu yanapasuka. Sogea. Ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako inayoifikia huongezeka kwa takriban desibeli 6 (kipimo cha nguvu ya sauti), na kelele za chumba zinabaki palepale.

Mengine ni mafupi. Tundu la maiki la simu halisafishwi kwa sindano, maana unaweza kuitoboa maiki yenyewe. Brashi laini inatosha, na kabla ya brashi ondoa kava uone kama si lenyewe linaloziba. Ukipiga ala na wenzako wakasikia vipandevipande, ni kichuja kelele cha programu kinachodhani muziki ni kelele. Kipunguze au kizime. Na kuzima maiki ndani ya programu si lazima kuwe ni kuikata kabisa: zile programu zinazokuonya “maiki yako imezimwa” pale unapoongea zimejuaje kwamba unaongea? Ukiwa na jambo la siri, tumia swichi ya maiki yenyewe au chomoa waya.

Maiki ambayo haijirekodi hata kwenye programu ya kifaa chenyewe, ilhali nyingine iliyochomekwa hapohapo inarekodi, hiyo kweli imekufa, nunua nyingine. Na kama mkutano umeshaanza na huna muda wa kuchunguza lolote, jiunge kwa simu uongee kupitia huko, ila kabla hujaongea zima spika na maiki ya kompyuta, zote mbili.