Sindano ya kupunguza mwili haiuzwi kama vocha

Homoni za njaa na shibe ni zipi?
Ni wajumbe wa tumbo kwa ubongo, wanaopita kwenye damu. Grelini, homoni ya njaa, hutoka kwenye mfuko wa chakula: hupanda kabla ya mlo, hushuka ukishakula. GLP-1 na PYY hutoka kwenye utumbo chakula kikishaingia, nazo hutangaza shibe.

Mbona namaliza sahani ya wali na bado nina njaa?
Umeimaliza kwa dakika ngapi? Shibe huchukua kama dakika 20 kufika kichwani. Wewe kwa dakika 5 umeshaongeza sahani ya pili. Anza na mboga na maharage, tafuna. Soda acha, inapita tu bila kushibisha. Na lala: asiyelala vya kutosha huamka na njaa zaidi.

Nilipunguza kilo 10, zikarudi zote. Ni uzembe?
Hapana. Ukipungua, mwili huona umeingia njaa: grelini hupanda, homoni za shibe hushuka. Utafiti wa mwaka 2011 ulikuta hali hiyo bado ipo mwaka mzima baadaye. Kwa hiyo anayekuahidi tumbo bapa wiki mbili kabla ya harusi anakuuzia maneno.

Shoga yangu kanunua sindano WhatsApp. Na mimi ninunue?
Usinunue. Dawa hizo, semaglutide ikiwemo, huiga GLP-1: hupunguza hamu na kuchelewesha chakula tumboni. Ni dawa nzuri kwa anayeihitaji, baada ya kupimwa. Huanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa kidogo kidogo. Mjamzito hapewi. Mwenye historia ya aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo hapewi. Muuzaji wa WhatsApp alikuuliza hayo?

Lakini yeye kapungua na hana tatizo.
Bado nasema usinunue. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu semaglutide bandia, na kwamba ndani yake huenda mna dawa nyingine kama insulini. Insulini kwa asiyeihitaji hushusha sukari hadi mtu azimie. Hata iliyo halisi hutunzwa kwenye friji kabla ya kufunguliwa, haizungushwi juani kwenye mkoba wa bodaboda.

Nimeshachoma, sasa natapika. Nisubiri dawa itoke mwilini?
Usisubiri. Kichefuchefu kidogo mwanzoni ni kawaida. Kutapika kusikokoma, au maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, huenda ni kongosho limevimba. Njoo hospitali leo. Wengi huja siku ya tatu, midomo imekauka na mkojo hawaupati, wamekunywa tangawizi na ndimu kwa sababu waliona aibu kusema walichojichoma.

Nikija mtanigombeza?
Labda kidogo, baada ya dripu. Njoo na kalamu yenyewe ya sindano na boksi lake, na utuambie umechoma kiasi gani na lini.